Suruali Iliyokunjwa Mlimani

Miaka ile ya uasi, uhuru ukiwa bado mchanga, mume wa shangazi yangu alipanda milima iliyo juu ya Uvira pamoja na wenzake wawili kwenda kununua ng'ombe. Kule juu baridi ni kali. Walikutwa wamekufa, hawana jeraha, wako uchi, nguo zao, hata suruali, zimekunjwa vizuri juu ya jiwe. Hakuna aliyejua sababu.

Matanga yalipoisha, majirani hawakuacha kuja. Kila mchana, tukianika ndagala, dagaa wa ziwani, mchangani, mtu alileta maelezo mapya. Mvuvi mmoja alisema walilowa mvua, wakavua nguo kama sisi watu wa ziwa tunavyofanya, wakasahau kwamba jua la mlimani halikaushi mtu. Mshonaji alisema ni radi. Mwingine alisema ni waasi. Waasi gani wanaacha nguo nzuri? Nilichukia sana: marehemu wetu amegeuzwa kitendawili cha wavivu! Shangazi aligeuza samaki tu.

Siku moja mshonaji alipofika tena na radi yake, shangazi akanyoosha mgongo.

"Weye nyamaza kidogo," alimwambia. "Iko kitu kimoja minye najua. Ile pantalo hakuikunja yeye. Tangu anioe alikuwa anaitupa chini, minye naokota. Hata kifo hakiwezi kumufundisha."

Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, akacheka mpaka akakaa mchangani. Tukacheka naye, hata mimi na hasira zangu, na kunguru wakala ndagala wetu bila mtu wa kuwafukuza.