Nyuzi kwenye Kope

Miaka ya tisini nilikuwa nafua na kupiga pasi mashuka katika hospitali moja ya kibinafsi mjini. Tuliishi Mbotela, katika nyumba ya chumba kimoja ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, mfereji na choo vikiwa vya kugawana na majirani. Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha blanketi. Watoto wetu wawili walikuwa wamekwenda ushago, kijijini kwetu, kwa likizo ya Agosti, ndiyo maana nilichagua mwezi huo.

Nilizaliwa na kope nzito. Nilipotimiza miaka thelathini na kitu, ngozi ya juu ya macho ilikuwa imelegea na kukunjika, nikawa na sura ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Msimamizi wa kazini aliniuliza karibu kila wiki kama nilikuwa nasinzia. Kwenye picha ya harusi yangu, wageni wote wanatazama kamera isipokuwa bibi harusi, ambaye ukimwangalia utasema amelala.

Hospitalini alikuwa akija daktari wa upasuaji wa ngozi. Siku moja nilipompelekea makoti yake, aliniuliza kama naona vizuri. Nikamwambia naona vizuri sana.

"Basi si ugonjwa," akasema. "Ni sura tu. Lakini ukitaka, hiyo ngozi naweza kuipunguza."

Nilikaa na maneno hayo miezi mitatu kabla ya kumwambia mume wangu. Alikuwa anakula. Alimaliza tonge lake, akaniuliza kama itauma. Kisha akauliza kama ni lazima. Nikasema si lazima, ila nataka.

"Sawa," akasema.

"Lakini usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?"

Nilifanyiwa Jumatano asubuhi, nikiwa macho, kwa sindano ya ganzi. Sikusikia maumivu, nilisikia mkasi. Daktari alinishona kwa nyuzi nyembamba nyeusi, akanipa mafuta ya kupaka na masharti: nilale kichwa kikiwa juu, nisiiname, nisikae karibu na moshi, nikandwe na barafu, nirudi Jumanne kutolewa nyuzi. Mume wangu alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alinipeleka nyumbani na teksi, nimejifunika leso mpaka puani.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa mbaya. Uvimbe ulikuwa umeshuka hadi mashavuni na ngozi chini ya macho imekuwa nyeusi, yenye wekundu pembeni. Nilijitazama kwenye kioo kupitia upenyo mdogo uliobaki, nikafikiri nimejiharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Mume wangu alikuwa amekwenda kazini. Alikuwa ameniachia chai kwenye thamosi na uji kwenye sufuria iliyofunikwa, ili nisiwashe jiko.

Choo kilikuwa nje, ng'ambo ya mfereji. Nilingoja wanawake wapungue, nikavaa miwani ya jua na leso, nikatoka. Wawili walikuwa bado wanafua. Walinisalimu, nikaitikia, na wakati wa kurudi nilikwaa ukingo wa mtaro, miwani ikaanguka. Waliniona vizuri. Mmoja aliokota miwani, akaipangusa kwa kanga yake, akanirudishia.

Mchana jirani wa mlango wa pili akabisha. Alikuwa mama wa Kiislamu aliyekuja kutoka Mombasa zamani, na nyumba yake ndiyo pekee kwenye safu yetu iliyokuwa na friji; aliuza barafu za rangi kwenye vifuko. Alileta bakuli la barafu tupu na kitambaa safi. Alinikalisha, akaanza kunikanda polepole pembeni mwa macho, kwa uangalifu kuliko hata nesi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Na mwanamume mwenyewe mpole vile. Mungu anaona."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilijua amefikiria nini. Neno moja tu lingetosha. Nikanyamaza, na yeye akauchukua ukimya wangu kuwa jibu. Nieleze ukweli wangu: mwanamke aliyepigwa alikuwa akihurumiwa, na mwanamke aliyelipa ili akatwe macho apendeze angechekwa kutoka Mbotela mpaka Makongeni. Nilichagua kuhurumiwa. Sikufikiria kwamba kuna mtu atakayebeba upande wa pili wa huruma hiyo.

Mume wangu ndiye aliyebeba. Ijumaa alirudi akaniambia muuza duka amempa chumvi bila kumsalimu. Jumamosi mwanamume mmoja aliyekuwa akicheza naye drafti alimwambia mbele ya watu, "Buda, hiyo mikono si ungeipeleka kwa watu wa size yako?" Alinisimulia hayo akiwa anasonga ugali, mgongo wake umenielekea. Nikamwuliza alijibu nini.

"Nilijibu nini? Si uliniambia nisiseme?"

Jumapili alikwenda kanisani peke yake. Alikuwa anaimba besi kwenye kwaya, na kwaya ilikuwa starehe yake ya pekee. Hanywi, hashabikii mpira. Alirudi mapema mno. Alivua joho la kwaya, akalikunja badala ya kulitundika, akaliweka chini ya sanduku. Wazee walikuwa wamemwomba akae kando kwanza.

"Nitawaambia," nikasema.

Akageuka, na hapo ndipo nilipomwona akiwa na hasira, mara ya kwanza tangu Jumatano. "Utawaambia lini? Siku nne unasikia naitwa mpiga wake. Unakandwa barafu na unanyamaza. Mimi sijawahi kukuinulia mkono hata mara moja."

Nilitaka kulia, lakini machozi yenye chumvi kwenye kope zilizoshonwa yanachoma kama pilipili. Nikakaa kitandani nimeinua uso, natazama dari, nikipumua tu.

Kesho yake wanawake watatu wa kanisa walikuja na mkate, sukari na maziwa. Waliimba ubeti mmoja, wakaomba. Baada ya amina, nikawaambia, "Mama zangu, hakunipiga."

Wakatazamana.

Mmoja wao nilikuwa namfahamu kwa mbali. Alikuwa anauza mboga karibu na Jogoo Road, mama mkimya wa watoto watatu. Alisogea, akaketi kando yangu. "Dada," akasema, "sote tunasema hivyo." Akafungua kitambaa chake cha kichwa. Juu ya sikio alikuwa na kovu refu, pana, lisiloota nywele. "Hapa mimi niliwaambia watu nimeangukiwa na rafu ya vyombo. Hata rafu sina."

Nilijisikia mdogo sana. Kila neno ambalo ningesema, walikuwa wamelisikia na wao wenyewe wamelisema. Nikavua miwani.

"Nilikatwa na daktari," nikasema. "Sikuwa mgonjwa. Nilitaka macho mazuri. Njooni muangalie."

Nikafumba macho. Nilisikia pumzi yake karibu na uso wangu. Alikaa hapo muda mrefu, akitazama jicho moja, kisha jingine.

"Ngumi haishoni," akasema hatimaye. "Kweli jamani, ni nyuzi. Na zimepangwa laini sawasawa."

Mmoja akaanza kucheka, wa pili akamfuata, nami nikawaomba wasinichekeshe kwa sababu nyuzi zilikuwa zinavuta. Lakini yule mkubwa wao hakucheka. "Kwa hivyo tumemnyamazisha mtu wa watu kwa sababu ya urembo wako?" akauliza. Nikasema ndiyo. Alichukua mkoba wake akaondoka. Mkate aliuacha.

Jioni hiyo nilikwenda mwenyewe kwa jirani wa barafu nikamweleza. Alisonya, kisha akasema nimrudishie bakuli lake. Kufika Jumatano mtaa mzima ulikuwa unajua, na mzaha ulikuwa mkali kama nilivyoogopa. Ila muuza duka alimsalimu mume wangu, na wazee walikuja wawili kumwomba msamaha. Alirudi kwenye kwaya baada ya majuma mawili. Kwangu mimi ilichukua muda zaidi. Alizungumza nami kwa adabu, kama mgeni, karibu mwezi.

Jumanne ile ya kutolewa nyuzi, yule muuza mboga ndiye aliyenisindikiza. Alijitolea mwenyewe. Nesi alipomaliza kunitoa nyuzi, yeye alivua kitambaa na kumwuliza kama lile kovu lingeshonwa lingekuwaje. Nesi akalipapasa kwa kidole, akasema lilihitaji nyuzi kama saba siku ile ile, na sasa ni la zamani mno. "Kidonda ulikifunga na nini?"

"Kitenge," akajibu.

Tulirudi kwa miguu. Njiani aliniuliza kama ilikuwa kweli nilimwambia mume wangu nataka, naye akasema sawa. Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa. Akauliza tena, kana kwamba hakusikia vizuri.

Mwanzoni mwa Oktoba yule muuza mboga alikuja nyumbani kwetu asubuhi, mume wake akiwa kazini, akasema anahamia kwa dada yake, mtaa wa Lucky Summer, na anatafuta mtu wa kumsaidia mizigo. Mume wangu alikuwa na zamu ya jioni. Hakuuliza maswali; alikwenda kukodi mkokoteni. Tulipakia godoro moja, sufuria, meza ya mboga na sanduku la nguo, watoto wakabeba mablanketi. Yeye alitangulia mbele kuonyesha njia, mume wangu akivuta, mimi nikisukuma kwa nyuma.