Mashine Iliyokuwa Imeazimwa

Usinikunjie uso kabla hujasikia. Nilikuwepo, na masikio yangu bado ni mazima.

Nilikuwa ofisi ya wilaya, Katesh, kwenye benchi, nasubiri muhuri. Akaingia mama wa Endasak kuomba ruzuku ya serikali kwa wabunifu. Alikuwa ameunda mashine ya kupukuchua mahindi kwa baiskeli kuukuu, na alitaka fedha aunde nyingine.

"Iko wapi?" afisa, kijana mwenye tai, akauliza.

"Imeazimwa, baba. Jirani akiomba, utamnyima?"

"Leo ndiyo mwisho, mama. Bila ushahidi sikupitishi."

Mama akapiga simu, akaweka spika. "Jirani, nirudishie mashine haraka!"

"Subiri nimalize gunia!"

Sauti nyingine ikafoka: "Gunia gani tena? Zamu yangu! Toa mguu kwenye pedali!"

Afisa akainamia simu. "Mimi ni afisa wa wilaya. Hiyo mashine inafaa?"

"Kwenu hamsalimii wakubwa?" simu ikauliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inafaa. Kata simu, unatuchelewesha."

Kijana akacheka mpaka tai ikapinda. "Mama, umepita! Nitakuja mwenyewe kuiona."

"Karibu," simu ikajibu, "ila na wewe utapanga foleni."

Mama akapiga kigelegele. Wagawa ruzuku hupenda kuuliza kama kitu kina soko. Kinachogombaniwa hivi kinahitaji swali gani tena?

Nikainamia simu na mimi, nikaomba zamu. Kisha nikatoka, nikafunga mlango. Muhuri nikausahau.