Foklifti ya Kusimama

Mume wangu si mtu wa maneno. Maneno ya nyumba yetu nayasema yote mimi, ya kwangu na ya kwake. Kwa hiyo siku bosi wetu, Mama Rangi, alipomwambia, "Kaka, tunanunua foklifti ya umeme, chagua wewe maana ndiye utakayeiendesha," mimi ndiye niliyeruka kwa furaha. Yeye alikuna kidevu tu.

Ghala letu ni la rangi za nyumba. Mume wangu amezeekea kwenye foklifti ya dizeli, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, anapandisha na kushusha ndoo. Mimi na wanawake wenzangu tunakaa kwenye meza karibu na mlango, tunafunga brashi kwenye mifuko. Moshi wa ile dizeli ulitutoa roho. Nilikuwa nikikohoa mpaka mashoga zangu wananitania eti nimemeza injini.

Muuzaji akaleta mbili za kujaribu. Moja ina kiti kizuri cha kuegemea. Nyingine dereva anasimama wima kutwa nzima. Mimi moyoni nilishamaliza: ya kiti. Goti la kulia la mume wangu ni bovu, na hakuna aliyejua ila mimi, maana kazini anajikaza kisabuni. Nikamnong'oneza, "Ya kiti, baba. Usijitie ushujaa."

Akaanza na hiyo hiyo. Ikateleza kimya, wanawake tukapiga vigelegele. Tatizo likawa kugeuka. Njia kati ya rafu ni nyembamba, na mashine yenyewe ndefu. Akishaingia na mzigo ni lazima atoke kinyumenyume mpaka kwenye uwazi wa mlangoni, nyuma ya meza yetu.

Sasa sisi tuna mazoea yetu. Hatugeuki ng'o! Ukisikia dizeli inanguruma mgongoni unasogeza stuli, mikono inaendelea na brashi, mdomo unaendelea na umbea. Naye mume wangu hurudi kinyumenyume akijua tutasogea. Siku hiyo nilikuwa katikati ya umbea mtamu, na sikusikia kitu, maana hapakuwa na cha kusikia. Shoga yangu mmoja akapiga yowe. Nilipogeuka, chuma kilikuwa kimegusa blauzi yangu. Mume wangu ameikanyaga breki.

"Mama watoto," aliniita. Basi, hilo tu.

Akashuka, akapanda ile ya kusimama. Fupi, inageukia humo humo kati ya rafu, upande wetu haifiki kabisa. Alipomaliza alimwendea Mama Rangi.

"Chukua hii."

"Umeipenda, kaka?"

"Ndiyo inayofaa hapa."

"Haya, ikifika ni yako."

"Hapana. Tafuta dereva mwingine. Goti langu haliwezi kusimama kutwa."

Mama Rangi akalitazama goti la mume wangu. Mimi nikapandwa na hasira. "Wewe mwanamume, una akili kweli? Si tuhamishe meza?"

"Uipeleke wapi? Kwingine kote ni rafu."

"Si ifungwe king'ora, basi? Mimi si nina macho? Nitageuka!"

"King'ora utakizoea. Na utageuka leo, utageuka kesho. Keshokutwa utakuwa na umbea."

Wenzangu wakacheka. Mimi machozi yalinitoka palepale, mbele za watu, na sikujua kama nalia kwa hasira au kwa kupendwa.

Siku hizi dereva ni dada mmoja makini, hatuna neno naye. Moshi hakuna, kifua changu kimetulia. Mume wangu kapewa stuli mezani kwetu. Vidole vyake vinene, mifuko inampasukia, na mashoga zangu wanamwita bibi harusi kwa jinsi anavyoinamisha kichwa. Anatabasamu. Nikimuuliza kama anajuta, ananiambia nimpe mifuko.

Juzi, wakati wa mapumziko, nilienda kumtafuta tukale. Nilimkuta ndani kabisa, kati ya rafu, amesimama kando ya ile foklifti ikiwa imezimwa. Mkono wake ulikuwa juu ya usukani, anausugua polepole kwa kidole gumba. Nikarudi mezani nikaanza kumfungia fungu lake la brashi.