Tangazo Ambalo Fundi Hakulisikiliza

Wateja wakishaondoka, fundi wa cherehani alikuwa akiingia kabatini na kufunga mlango. Si kwamba alikuwa na wazimu. Humo, katikati ya makoti na magauni yaliyongoja wenyewe, kelele za mtaani hazikupenya, na ndimo alimorekodia hadithi zake kwa simu. Hakuwa na redio wala kampuni nyuma yake. Alitunga mwenyewe, akasoma mwenyewe, na hadithi ikiwa tayari akapiga mbiu mwenyewe: alituma tangazo fupi la sauti kwenye kundi la wasikilizaji, kuwaambia mpya imetoka, inaendeleza ipi, na wabonyeze wapi. Bila tangazo wengi wangepotea njia.

Msikilizaji wake wa kwanza alikuwa mkunga mstaafu wa nyumba ya pembeni. Macho yalikuwa yamemwishia, lakini masikio bado yalikuwa makali. Ndiye aliyemzalisha fundi mtoto wake wa kwanza, uzazi mgumu, na hakumwachia mkono mpaka mtoto alipolia. Kila asubuhi alituma kundini sauti yenye neno moja tu: "Lini?" Watu wakambandika jina la Bibi Lini, ila hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake.

Alasiri moja fundi alimaliza sehemu mpya. Hadithi aliisikiliza na kuirudia, akaondoa kila kikohozi. Tangazo hakulisikiliza. Tangazo nalo, la nini? Alilisema mbiombio, na kabla hajaachia kitufe mumewe akafungua kabati.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Sasa Bibi Lini atanyamaza walau kidogo. Mtu hana kazi, anangoja hadithi kama kuku anavyongoja punje!"

Wakacheka. Kidole kikaachia kitufe, tangazo likaenda na vyote vilivyomo.

Punde mdogo wake akapiga simu. "Dada, hivi umesikiliza ulichotuma?"

Akasikiliza. Kilichomchoma zaidi ni kicheko chake mwenyewe, kirefu, cha mtu aliyeshiba. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akalifuta tangazo upesi, lakini maji yakishamwagika hayazoleki, kundini watu walishaanza kuandika "Jamani!"

"Si umeshafuta?" mumewe akasema. "Yule hatasikia."

Fundi akajitupia mtandio, akatoka.

Alimkuta mkunga ameketi kitandani akikunja shuka, simu mapajani.

"Ah, mwanangu, umekuja wakati mzuri! Jirani kaniambia mpya imetoka, nami tangazo silisikii. Hebu nibonyezee."

Hapo fundi angeweza kuponea. Angebonyeza hadithi, akaaga, akaenda zake. Hata kidole alishakinyoosha. Akakirudisha.

"Tangazo nimelifuta, mama."

"Kwa nini?"

Huyu aliyezoea kutoa sauti za wafalme na za wezi sasa alikuwa na sauti yake tu. Akayasema yote, moja baada ya jingine: lile jina, kuku, punje. Hata kicheko hakukificha. "Nisamehe, mama. Naona aibu hata kukutazama."

Mkunga alipapasa pembe za shuka, akazikutanisha.

"Kumbe ndivyo ninavyoitwa," akasema taratibu. "Haya, yameisha, mwanangu. Nifungulie hadithi."

Wakasikiliza pamoja. Fundi alikaa kwenye kigoda ameinamisha kichwa, na kila sentensi aliyojivunia kule kabatini ilimwashia uso. Hadithi ikakatikia mahali patamu, kama alivyozoea kuikata: mjane amesikia hodi, ameshika komeo, hajafungua.

Mkunga akainua uso. Mdomo ukafunguka, kama ulivyofunguka kila asubuhi. Akaufunga.

"Ijumaa," fundi akasema haraka. "Inayofuata inatoka Ijumaa, mama."

"Sikuuliza, mwanangu," mkunga akasema, akavuta shuka jingine.