Kiti Kimoja cha Gari la Ruhengeri

Sisi tuliokwenda bweni kabla simu za mkononi hazijaenea tulijifunza kungoja kwanza, hesabu baadaye. Waliopandia magari katika stendi ya zamani ya Gisenyi, gare kama tulivyoiita, watanisahihisha nikikosea, maana naandika kwa kumbukumbu tu. Hapakuwa na tiketi wala ratiba. Magari yale madogo tuliyoyaita twegerane yalikuwa na sheria moja: gari likijaa, linaondoka, lisipojaa, linakaa. Watoto tulibashiri lipi litajaa kwanza, la Ruhengeri au la Kibuye, na aliyeshindwa alipokonywa sambaza zake, visamaki vya ziwani vya kukaanga, zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari. Hewa ilinuka moshi wa mazutu, mahindi ya kuchoma na vitunguu kutoka Mahoko. Makonvoyeri, yaani makondakta, walipiga mabati ya magari kwa viganja, wakiita majina ya miji mpaka sauti zikakauka.

Jumapili ninayoikumbuka kuliko zote nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya bweni Ruhengeri. Barua ilisema wazi: mwanafunzi afike Jumapili, akiwa na godoro lake, asiyefika, nafasi atapewa mwingine. Mama, aliyekuwa akichuuza Goma tangu turudi kutoka Kongo, alivuka mpaka wa Petite Barrière asubuhi kwenda kutafuta godoro, matela kama alivyoliita. Aliniachia maagizo mawili.

"Usipande bila matela. Na usikose gari, unasikia? Mi nitafika mbele ya saa kumi na moja."

Sikuuliza nifanye nini maagizo hayo yakigongana. Mzazi wa siku zile hakuulizwa hivyo.

Mjomba Deo, kaka yake mama aliyerudi kutoka Karagwe, alinisindikiza na sanduku langu la bati. Saa yake ya mkononi ilijulikana na ukoo mzima: miaka yote aliiacha kwenye saa za Tanzania, ambazo ziko mbele ya zetu kwa saa moja. "Saa hii ilizaliwa Karagwe," alikuwa akisema. "Haiwezi kujifunza Kinyarwanda uzeeni." Nyumbani kila aliyetaka kujua wakati aliisoma, kisha akapunguza saa moja. Tulifanya hivyo bila kufikiri. Alasiri ile, mama alipokawia, mjomba alinivisha saa hiyo akaenda mpakani kumtazamia. Hakuniambia kwamba asubuhi, akiogopa nisije nikakosea siku kubwa kama ile, alikuwa ameirekebisha ifuate saa zetu.

Magari mawili yalijaa mbele ya macho yangu, nami nikayaacha yaende. Saa ilionyesha kumi na moja. Nikapunguza, nikapata kumi. Muda ulikuwepo. Nafasi yangu nilimpisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, nikajisikia mtu mwema. Gari la tatu lilipobakiza viti viwili, konvoyeri alinijia.

"We mutoto, panda! Hii njo ya mwisho."

"Bado mapema," nilimjibu. "Ni saa kumi na nusu tu."

Alitazama jua, akanishika mkono akaitazama saa, akacheka. "Angalieni profesa! Hata saa yake mwenyewe inamushinda. Ni kumi na moja na nusu!"

Miaka ile, kwa kuhofia usalama, hakuna dereva aliyekubali kupanda milima ya Nyakiriba giza likiingia. Nikipanda, nafika bila godoro. Nisipopanda, shule imepotea. Ilibaki sheria ya gare: lisipojaa, linakaa. Niliingia nikaketi kiti kimoja, nikaweka sanduku kwenye cha pili.

"Hapa iko mutu," nikasema.

"Mutu gani?"

"Anakuja."

Mama mmoja mwenye kikapu cha karoti aligeuka. "Huyo mutu wako ana miguu kweli?" Gari zima likacheka, lakini kicheko hakikudumu. Bwana mmoja mwenye koti alifika mlangoni, akauliza kama kuna nafasi, akasimama akilitazama sanduku langu. Dereva aliwasha injini, akaizima, akaiwasha tena. Mtu wa nyuma alisema wazazi wangu hawakunifunza. Sijawahi kuwadanganya watu wazima wengi vile kwa mara moja, na nilijua kila dakika niliyoiiba ilikuwa ya watu waliotaka kufika kwao salama.

Konvoyeri akashika mpini wa sanduku, akamwelekezea kidole bwana yule. "Bon, dakika tano. Zikiisha, huyu papa anakaa."

Nilizitazama zikipita moja moja. Ya nne ilipokwisha, niliona godoro likija mbio kutoka upande wa soko, limekunjwa na kufungwa kamba. Chini yake alikuwa Mjomba Deo, shati limelowa jasho.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko kwenye foleni ya mpaka, mwisho kabisa. Godoro limepita juu ya vichwa vya watu, mkono kwa mkono, hadi kwangu. Nenda, mpwa wangu. Nenda!"

Konvoyeri alilitupa godoro juu ya gari, akalifunga. Nikaondoa sanduku, bwana mwenye koti akaketi.

"Kumbe huyo mutu wako ni mimi," akasema, na gari likaondoka.

Mama alifika gare nusu saa baadaye, akikimbia tangu mpakani. Alinisimulia likizo ya kwanza, miezi mitatu ikiwa imepita. "Nilikuta mafuta tu chini, pale gari ilisimama. Nikasema bon, amepanda."

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu gare mpya. Tiketi siku hizi ina dakika yake. Vijana wameinamia simu kama wanaosali. Ukiwauliza basi la Musanze, jina jipya la Ruhengeri, liko wapi, wanalitafuta kwenye kioo, na basi liko mgongoni mwao. Nilikwenda kumnunulia maji. Niliporudi, basi lilikuwa linatoka langoni kwa dakika ile ile iliyoandikwa, na viti vitatu vitupu nyuma.

Simu ikalia, ujumbe wa binti yangu: "Usijali, nimepanda." Kabla hajafika Mahoko alikuwa ameshanitumia picha ya dirisha.

Sina wa kumlaumu. Napenda mambo yenye utaratibu. Ila mama yangu alikimbia njia nzima kulifuata gari lililokwisha kuondoka, kwa sababu huenda lilikuwa bado halijajaa. Mimi nilikuwa hatua ishirini tu nyuma ya basi, na sikukimbia.