Kesi Mbovu Iliyosemwa Vizuri

Mjukuu wangu anasomea sheria, na mwaka huu chuo chao kilimchagua aende mashindano ya kesi za kubuni. Mimi shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nilimwuliza kama hiyo si kufundishwa uongo. Akacheka. "Guka, kesi ni ya kubuni, sheria ni ya kweli. Na lazima nijue kutetea pande zote mbili, maana hatujui tutapewa gani."

Hapo alinipoteza. Kwa wazee wetu mtu mwenye kesi alikata vijiti, akaweka kimoja chini kwa kila hoja, na vyote vilikuwa vya upande wake. Nilimfundisha hivyo, kwa sababu hoja ya nne ilikuwa inamtoroka. Vijiti vya majani chai ni vizuri. Vya kahawa pia, lakini kahawa yangu niling'oa, hiyo ni habari ingine.

Kesi yenyewe, ndugu amemnyima dada yake aliyeachika shamba la baba yao. Siku ya mazoezi, asubuhi alimtetea ndugu, na mimi nikamsaidia. "Sema alishaolewa. Sema mahari ililiwa." Maneno yalinitoka haraka. Niliyasema zamani mbele ya wazee, juu ya dada yangu, wakanipa shamba lote. Yeye akateremka Ishiara kwa jua, akalima vibarua.

Mchana alimtetea dada. Aliweka vijiti saba, akaniangalia. "Haya Guka, nijibu."

Nilisema nasikia baridi, nikaingia nyumbani.

Siku ya mashindano, huko Meru, nilikaa nyuma na koti la kanisa. Wakampa upande wa ndugu. Alisimama wima, hakusahau hata hoja moja. Jaji, mama wa miwani, akamwambia, "Kesi yako ni mbovu, binti, sheria haiko na wewe. Lakini umeshinda wote kwa kusema." Wakampa kikombe. Watu walipiga makofi, mimi mikono ilikataa.

Nje akaniuliza, "Guka, hujafurahi?"

"Nimefurahi. Lakini hata mimi nilishinda hivyo."

"Najua. Dada yako, Cucu wa Ishiara, aliniambia."

Jumatano nikashuka Ishiara. Dada yangu alikuwa anachagua ndengu kwa ungo, hakuinuka.

"Umepotea njia, mzee?"

"Nimekuja kukupa shamba. Nusu."

"Nusu gani? Ya mawe ama ya mto?"

Hiyo ya mto ndiyo iko na nduma zangu. Sitadanganya, iliniuma. "Ya mto," nikasema.

Akapeta ndengu, makapi yakanirukia usoni. "Leta mpimaji kwanza. Maneno yako nayajua. Ni matamu sana."

Mpimaji anakuja Jumatatu. Dada yangu bado hajasema kama atapanda kuja huku juu.