Nyumba Yetu Iliyonuka Panya

Harufu ya mkojo wa panya ni kali na inachoma pua, na ikishaingia kwenye nguo ya pamba hata sabuni ya mche haiitoi. Nilikwenda nayo shuleni mwaka mzima nilipokuwa darasa la tano, imeng'ang'ania sketi na sweta yangu, na nilijichagulia mwenyewe dawati la nyuma karibu na dirisha kabla wenzangu hawajamwomba mwalimu anipeleke huko. Tuliishi kando ya soko la Tawa, katika nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, na ndani yake tulikuwa watu wanne, panya wawili na sungura wawili. Mji mzima ulijua. Kwa Kikamba panya ni mbia, na mimi nilikuwa Ndunge wa Mbia kwa kila mtoto wa rika langu, hata wale niliokuwa nikiimba nao shule ya Jumapili. Nilipita vichochoroni nikienda dukani ili nisiitwe hivyo mbele ya watu wazima.

Aliyetuletea mambo hayo alikuwa baba. Alikuwa kibarua katika ghala la nafaka la mfanyabiashara mmoja pale sokoni. Alipanga magunia, alifagia, na yeye ndiye aliyetega sumu ya panya. Siku moja wakihamisha magunia ya mbaazi walikuta kiota cha vitoto vya panya vilivyokuwa bado havijafungua macho, na mama yao amekufa kando, bila shaka kwa sumu aliyoitega baba mwenyewe. Wenzake waliinua miguu waviponde. Baba aliwaambia wangoje, akaviokota, akavitia ndani ya kofia yake na kuja navyo nyumbani. Mama alipochungulia ndani ya kofia ile alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota mlangoni.

"Baba Ndunge, hao ni panya."

"Ni watoto," baba alisema. Hakueleza zaidi, wala sikumbuki siku aliyowahi kueleza zaidi.

Aliwalisha maziwa ya mbuzi kwa uzi wa pamba alioulowesha na kuuweka midomoni mwao. Wengine walikufa, wawili wakaishi. Walilala katika mfuko wa koti lake kuukuu lililoning'inia msumarini, na jioni akigongesha ulimi kwenye kaakaa walitoka, wakateremka ukutani, wakapanda gotini mwake. Mdogo wangu Mumbua aliwapenda. Mimi nilikuwa mkubwa kidogo na tayari nilijua watu wanasema nini. Akina mama wa kanisa walipokuja kwa maombi ya nyumbani, mama alitoa viti vyote nje na kuviweka juani, akisema ndani kuna joto. Walikaa huko wakitokwa na jasho, wakiimba, na kila mmoja alielewa ni kwa nini hawakukaribishwa ndani. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na viti vile.

Sungura walikuja mvua zilipokosa kunyesha mara ya pili. Shuleni kulikuwa na mradi wa sungura, na maji yalipoisha kisimani watoto waliacha kuwachotea. Baba alipita pale akawaona wamelala vibandani huku wakihema, akamwendea mwalimu mkuu. Mwalimu alimwambia achukue yeyote atakayemkuta hai. Alirudi na gunia begani, mchana, akikatiza katikati ya uwanja wakati wa mapumziko, shule yote ikitazama. Nilijificha nyuma ya choo mpaka alipopita. Walikuwa majike wawili: mmoja wa rangi ya majivu, ambaye Mumbua alimwita Majivu, na mwingine mweusi mwenye miguu myeupe, aliyeitwa Soksi. Nje kulikuwa na mbwa wenye njaa, kwa hiyo walilala chini ya kitanda chetu. Nitasema ukweli hapa: nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, niliwapenda. Soksi alikuwa akija usiku kunilamba kisigino. Lakini mlango ulipofunguka sikutaka kujulikana nao.

Njaa ilipokaza, ghala lilibaki tupu na vibarua wakaambiwa wakae nyumbani. Baba akawa anatembea mbali akitafuta kazi ya kuchimba mitaro mashambani, na mara nyingi alirudi na mikono mitupu. Tulikula mara moja kwa siku, ugali wa yale mahindi ya manjano ya msaada ambao ulinuka kama gunia. Hata hapo baba alimega kipande kutoka sahani yake, si yetu kamwe, akawapa panya, na sungura akawakatia majani makavu aliyoyaokota njiani. Mama alimtazama akimega. Mimi nilikitazama kile kipande mpaka kikaisha.

Siku ya kugawa chakula katika kambi ya chifu, mama alikwenda nami nimsaidie kubeba. Foleni ilizunguka uwanja. Tulisimama na karai letu tangu asubuhi, na jua lilipofika utosini tulikuwa tumekaribia mbele. Nyuma yetu alikuwa Mama Kyalo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, amebeba mtoto mgongoni. Sijui ni joto au ni njaa iliyomsukuma. Alisema kwa sauti ya kufika mbele na nyuma:

"Mama Ndunge, na wewe unapanga laini ya nini? Hapa ni chakula ya watu. Kama mko na ya kulisha panya, nyinyi mmeshiba."

Watu walicheka. Si kicheko cha furaha, hakuna aliyekuwa na nguvu hiyo, lakini kilienea foleni yote. Karani aliyekuwa akigawa akainua macho akauliza, "Ni nani huyo wa panya?" Mama aliinama akachukua karai, akanishika mkono, tukatoka kwenye foleni. Nilimsihi kwa kunong'ona turudi, tulikuwa karibu sana. Aliendelea kutembea.

Nyumbani alichukua kisu, akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Mumbua aliuliza anatafuta nini. Mama alisema, "Ndunge, mpeleke mtoto nje." Nilimpeleka. Niliketi naye nyuma ya nyumba nikimwimbia kwa sauti ya juu, nyimbo zote nilizozijua, na sikunyamaza hata koo lilipokauka.

Baba alirudi jua likizama. Harufu ya nyama ilikuwa imejaa nyumba na imeshinda ile nyingine. Alisimama mlangoni, akatazama sufuria, akatazama chini ya kitanda. Mama alikuwa amempa mgongo, anakoroga.

"Watoto wamekula?" aliuliza.

"Bado."

"Basi wape wakiwa bado na nguvu ya kutafuna."

Akaketi. Mama akapakua. Tulikuwa hatujaanza Mama Kyalo alipobisha. Nyama haifichiki, hasa mwezi kama ule. Alisimama kizingitini na Kyalo na yule mdogo wa mgongoni, macho kwenye sufuria. Nilimtazama mama nikingoja amfukuze, na ninakiri nilitamani hivyo kwa moyo wangu wote. Mama alichukua sahani yake mwenyewe akamwekea mkononi.

"Ingia, Mama Kyalo," baba alisema. "Kaa hapo. Karibu."

Alikula ameinamisha kichwa. Panya mmoja aliteremka kutoka kwenye koti, akapita ukutani nyuma ya bega lake, nasi sote tukamwona. Yeye pia alimwona. Alisogea kidogo ampishe, akaendelea kuwalisha wanawe. Alipomaliza alisema "Asante, Mama Ndunge," kwa sauti ndogo, na tangu siku ile sikusikia tena neno panya wala mbia kinywani mwake. Baba hakuonja nyama. Mumbua alikula bila kujua. Mimi nilijua, nikala, na bakuli lilipoisha nikalinyoosha niongezewe mchuzi.

Mvua ilinyesha mwisho wa mwaka huo. Ghala lilifunguliwa, baba akarudi kazini, na panya wale waliishi nasi mpaka wakazeeka, wakanenepa, wakafa mmoja baada ya mwingine bila msiba wowote. Mama hakuwahi kumwambia baba awatoe. Kuhusu sungura hakuna aliyesema lolote, si siku ile, si miaka iliyofuata, na wazazi wangu wote wawili wamekwisha kuzikwa na maneno hayo hayajasemwa.

Siku hizi ninaishi kwa binti yangu mjini Kitui. Sebuleni kuna sungura mweupe katika kizimba cha waya, ana chakula chake cha dukani na bakuli lake la maji, na alipokohoa juzi daktari wa mifugo aliletwa kwa bodaboda kumdunga sindano. Wageni wakija wanambeba, wanapiga picha naye, wanauliza jina lake. Hakuna anayetolewa viti nje. Nilipomsimulia mjukuu wangu kwamba nami nilifuga sungura na panya waliookolewa na baba, ndani ya nyumba, tena zamani, tena Tawa, alinitazama kama mtu aliyegundua jambo kubwa. Ametangaza habari hiyo darasani kwake, na wenzake wamenitumia salamu.

"Susu," aliniuliza, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya, "Majivu na Soksi walikufaje?"

"Walizeeka," nilisema.

"Babu yako alikuwa na roho nzuri," akasema, na nilimsahihisha kwamba alikuwa baba yangu, na kwamba ndiyo, roho alikuwa nayo. Nikainuka nikaenda jikoni kama mtu mwenye shughuli. Ile harufu niliyodhani ndiyo aibu yangu ilitoka kwenye nguo zangu zamani sana, sketi yenyewe iliraruka ikawa kitambaa cha kupangusia taa. Kisichotoka ni kwamba mchuzi ule ulikuwa mtamu, mtamu kuliko chochote nilichowahi kula tangu hapo, na sijui nitamwambiaje mtoto jambo hilo huku amempakata sungura wake.